Udongo wa Jikoni Kwangu

Ba mama, ba baba, amani ikuwe kwenu. Naona wale wa Nyamianda wameanza kucheka huko nyuma, kwa sababu wanajua habari ya chungu. Mutulie. Tutafika kwenye chungu.

Wengi munanijua minye kwa kuchora vibao. Saluni, duka za mchele, majina ya mitumbwi, mingi ni mkono wangu. Kazi ile niliipenda kuliko chakula. Halafu mto Mulongwe ukajaa, ukaingia mu nyumba yangu kama mwenye nyumba. Ukabeba kuta, brashi, mikebe ya rangi, na pale jikoni ukaniachia tope jekundu. Watoto walipona, Mungu asifiwe. Lakini mkono wangu ukakataa kazi.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli. Nilihamia Nyamianda kwa dada yangu nikawa mtu wa kukaa tu. Mtu akileta kibao, nashika brashi, naona tope, naiweka chini. Dada akasema, "Weye, hata bugali unaangalia kama ilikutukana!" Nilikuwa hai, ila sikuwa mzima.

Basi akafika mgeni kwa masista wa parokia, mama mmoja mchoraji kutoka Korea. Watoto walimwita Mama Udongo. Anachora milima na miti, na rangi zake hanunui za mkebe. Anasaga mawe na udongo, anavishikisha kwa gundi ya ngozi ya ng'ombe, kama wazee wa kwao. Alituonyesha kwenye simu makaburi ya wafalme wao wa kale, wanyama wanakimbia ukutani na rangi ingali mbichi! Alitaka kuchora milima yetu kwa udongo wetu. Masista wakanituma nimuongoze, nami nikaenda kwa heshima tu.

Nilimpeleka kila mahali isipokuwa Mulongwe. Lakini siku moja tulipita barabara ya kule, akaona ule wekundu, akashuka mbio, akapiga magoti, akaanza kuchota. Wapi? Mu parseli yangu, pale nyumba iliposimama. Palepale jikoni!

Nikalipuka. "Acha! Iyi udongo ilikula nyumba yangu!"

Sista aliyefuatana nasi akamtafsiria kwa Kifaransa. Mgeni akaumwaga udongo wote mahali alipoutoa, akasawazisha kwa kiganja. Halafu sista akaniambia, "Anasema, iko yako. Bila weye kumupa, hatabeba."

Ndugu zangu, ni hapo. Tangu mafuriko, kila aliyekuja kunipa pole alinitajia vilivyokwenda. Huyu alikuwa wa kwanza kuniambia kwamba nina kitu. Nililia pale, mbele ya wapita njia, bila haya. Halafu nikapiga magoti nikamjazia mfuko kwa mikono yangu.

Sasa chungu. Gundi yake iliisha, tukaagiza ngozi kwa wafugaji wa Luberizi, tukaichemsha uani kwa dada. Harufu ikatangaza karamu mtaa mzima! Munajua desturi yetu, chungu kikiwa motoni haufungi mlango. Jirani akaja na bugali yake mkononi, akachovya kabla hata ya kusalimu. Midomo ikashikana.

"Mama, uu muchuzi," akasema alipoweza, "unakataa kuniacha!"

Mgeni alicheka mpaka akakaa chini. Dada akatoka nyumbani, "Nani anacheka vile?" Alikuwa minye.

Tukaosha udongo, tukaacha utuame, tukachukua ule laini, tukautia gundi. Mgeni akanipa brashi yake. Mkono ukaenda wenyewe, ukachora mistari ya kupindapinda, ile mama ya baba yangu aliyokuwa akichora kwa vidole kule milimani nyumba ikishakandikwa. Nilidhani nimeisahau. Mgeni akauliza nani alinifundisha. Nilipomwambia, akainama kama mbele ya mkubwa, akasema, "Basi nawe uko na ukuta wako wa kale."

Amekwisha rudi kwao. Minye nimerudi kwenye vibao, na kwenye kuta.

Asante kwake, huko aliko. Asante masista. Asante dada yangu, uliyenivumilia nikiwa mzigo. Asante jirani, na utusamehe midomo yako! Na fundisho langu ni hili: ukimkuta muntu ameanguka, usimuhesabie alivyopoteza. Muulize amebaki na nini, halafu umuombe kidogo.

Musimame, mugeuke. Ukuta ule wa nyuma wa kanisa, ule niliouchora, munausifu kila Jumapili, munauliza rangi yake niliinunua wapi. Mvua zimepita, rangi haijatoka. Wekundu ule ni udongo wa jikoni kwangu. Mukitoka, mupite muuguse. Gundi imekauka, haitawashika.

Karibuni mu jiko yangu.