Kichaka Kilichofyekwa kwa Ajili ya Ukuta

Mheshimiwa diwani, Mwalimu Mkuu Gitonga unayestaafu leo, mama yetu Mbeke mkewe, Madam Cate unayepokea ofisi, walimu, wazazi na watoto: hamjambo? Na kwa Kimaasai, sopa!

Mimi ni Mama Katee, muuza mawe ya ujenzi hapa Kitengela. Nimepewa dakika tano nimsifu Mwalimu, lakini naanza na hasara. Mwezi wa tano mwaka huu wa 2003, tulipoteza kichaka nyuma ya tangi la shule, yale magugu yenye utomvu mweupe, ambako vipepeo wa klabu yetu ya vipepeo hapa shuleni walikuwa wakitaga mayai. Nimekuja kuaga, na nimekuja kudai ile kona.

Nani alitufundisha vipepeo? Si ni yeye? Alituonyesha wale wa rangi ya machungwa wenye ncha nyeusi, wale wa machungwa matupu, na wale wa kahawia wanaotoka kusini. Akawachora wote watatu ukutani kwa rangi ya mafuta, kila mmoja ndani ya kisanduku chake. Kazi safi kabisa.

Shida ni moja: vipepeo hawajasoma ukuta. Mvua ikinyesha, wa huku na wa kule hukutana hapa kwetu, wakaoana bila kuuliza mzee wala kutuma mshenga. Tulilea viwavi arobaini. Kumi na saba walitoka na rangi ambazo Mwalimu hakuzichora: huyu ncha zake nyeusi nusu, yule kahawia iliyopauka.

Mtoto Muthoki akauliza, "Mwalimu, huyu ni wa kisanduku gani?"

"Huyo amekosea."

"Amekosea nini na amezaliwa tu?"

Wakaguzi wa shule wakatangaza kuja, nao wangeona vipepeo wasiolingana na ukuta. Mwalimu angeongeza visanduku ukutani, lakini rangi ni ghali, ndugu zangu, na panga liko stoo. Basi akafyeka kichaka: badala ya kurekebisha ukuta, akarekebisha vipepeo!

Mwalimu, wewe ni Mkikuyu wa Kirinyaga. Mama Mbeke ni wa kwetu Ukambani, Mwala. Watoto wenu wanne nawajua, na hakuna wawili wanaofanana. Uliwaweka visanduku gani? Mama Mbeke, cheka polepole, bado niko kwa hotuba.

Sifa sasa, maana nilitumwa sifa. Madarasa sita umejenga kwa mawe yangu, na hakuna jiwe lililopotelea kwako nyumbani. Mtu mwaminifu hivyo atakataaje kitu kinachopita mbele ya pua yake kikiruka?

Mbegu za yale magugu niko nazo. Mvua ya vuli inakaribia. Ruhusa ndiyo hakuna, maana ulikataza ile kona isipandwe tena, na Madam Cate ameniambia wazi hawezi kupindua neno la mkubwa wake. Funguo unampa saa kumi.

Wengine wote, asanteni kwa masikio yenu, chakula kinakuja. Wewe Mwalimu, mimi siketi. Tupande, tusipande? Neno moja, mbele ya hawa watu, kabla ya saa kumi.