Topista Mukarugwiza: Kutoka Juru hadi Mbarara kwa Baiskeli

Ndugu mliokuja kumsindikiza, mama yetu Topista Mukarugwiza alizaliwa Gisaka, Rwanda, tarehe 3 Mei 1938. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaacha ili alee wadogo zake. Biblia aliisoma vizuri, na hesabu za futi ya kushonea hazikumshinda.

Mwaka 1957 aliolewa na Andereya Sebagabo. Mwaka 1961 walikimbilia Uganda, wakakaa kambi ya wakimbizi ya Oruchinga miezi minane, kisha wakapewa shamba Juru, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Mungu aliwapa Emerita na Fidelis. Asubuhi marehemu alilima maharage, mchana alishona. Sare nyingi za watoto wa Juru zilipita kwenye cherehani yake ya mkono.

Andereya alifariki tarehe 9 Februari 1981. Kwa desturi yetu, mwaka ukitimia, siku ya kuondoa matanga, mjane hukabidhiwa ndugu wa mumewe awe mke wake. Siku ilipangwa, Jumapili tarehe 21 Februari 1982, na pombe ya ndizi ilikwisha kukamuliwa. Shemeji yake, mzee Sebastiani, ni mtu mwema, lakini moyo wa Topista ulikataa.

“Mama, Sebastiani ni kaka yangu,” alimwambia mama mkwe. “Nitalalaje na kaka?”

“Utazoea, binti. Hata mimi nilizoea.”

Alhamisi ya wiki ile, mchana kweupe, alimwita Kezironi Tibamanya wa Rugaaga, aliyefiwa na mke na aliyekuwa akimbebea nguo kwa baiskeli mpaka sokoni. Alimwambia anakwenda Mbarara kumwona Fidelis shuleni, na hilo lilikuwa kweli, ingawa si lote. Alikaa nyuma, cherehani mapajani, kitambaa cha matanga kichwani. Baadaye aliwasimulia wadogo zake, bila kuona haya, kwamba nusu ya njia alimlilia Andereya, na nusu ya pili aliutazama mgongo wa Kezironi.

Kwenye kizuizi cha jeshi barabarani, askari mmoja aliwasimamisha.

“Wewe mama, nani alikufa?”

“Mume wangu, afande.”

“Na huyu nani yako?”

Topista hakuwa mtu wa kusema uongo, hata kwa mwenye bunduki. “Bado si wangu. Nimetoroka nisipewe shemeji. Huyu akinitaka, na mimi ninamtaka.”

Askari akamgeukia Kezironi. “Unasemaje, wewe?”

“Afande, mimi niliitwa kubeba cherehani tu.”

Askari walicheka mpaka mmoja akakaa chini. “Basi beba na mwenye cherehani. Pita.”

Mlimani walishuka wakasukuma baiskeli. Kezironi akauliza kama lile lilikuwa utani.

“Mimi sitanii na askari,” alijibu. Kezironi akasukuma mpaka juu kabisa, kisha akasema nyumba aliyo nayo Mbarara ina chumba chenye mwanga wa kutosha kushonea.

Walifunga ndoa kanisani Mbarara tarehe 7 Agosti 1982, Kezironi alipomaliza mafundisho ya dini. Topista alishonea wake wa askari na wafanyabiashara wa mjini, na alikuwa na furaha; waliopita dirishani walimsikia akiimba. Mwaka 1984 alirudi Juru kuomba radhi, akiwa na shati alilomshonea Sebastiani. Mzee alilipokea bila kusalimu. Krismasi iliyofuata alilivaa.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, miguu ikavimba. Jumamosi iliyopita alimwambia mumewe, “Ukitaka kuoa tena, oa. Usipotaka, kaa. Asikuchagulie mtu.” Alituacha Jumanne tarehe 14 Machi 1989, saa tatu asubuhi, akiwa ameshika rozari.

Ameacha mume, Kezironi, watoto wawili, Emerita na Fidelis, wajukuu watano, wadogo zake watatu, na shemeji yake, mzee Sebastiani, aliyetoka Juru jana kwa miguu, akaomba abebe jeneza upande wa mbele. Kezironi amemwachia upande wa kulia, na yeye mwenyewe atashika wa kushoto.

Bwana ampokee Topista, apumzike kwa amani.