Kile Kiwanja cha Chini

Niinueni kidogo, wanangu, wekeni mto mgongoni, na huyo aliyesimama mlangoni akae, maana ninayosema leo sitayarudia. Mlidhani dawa imenilaza, kumbe jana nilisikia yote hapo dirishani: futi ikivutwa kule chini, kaka yenu mkubwa akimwambia fundi vyumba sita vitaingia, ukuta kwa ukuta, fundi akauliza kama mzee amekubali, naye akajibu, "Mzee mwenyewe ana siku ngapi tena?" Usiiname, Mhandisi. Tumekuita hivyo tangu ulipofungua redio ya mama yako ukashindwa kuifunga, basi leo nisikilize kama mhandisi.

Nyumba hii ni ya dada yenu, aliyenilisha na kunigeuza kitandani bila kununa. Cherehani ni za mdogo wenu. Hayo yameisha, msije mkagombana. Lakini kiwanja cha chini, ambacho mnaona kimekaa bure, simpi mtu, na hasira yangu yote iko hapo.

Sisi tunakaa mlimani. Kiangazi kikiingia, upepo unapanda kutoka bondeni kila mchana, huohuo unaobamiza milango yenu, na moto ukiwaka chini unausukuma juu. Sasa someni kitabu cha kanuni za ujenzi cha manispaa: nyumba na nyumba ziachane hatua moja, iwe tambarare au mlimani, penye mvua au penye ukavu, gari la zimamoto lifike mlangoni, na mlango wetu unafikiwa kwa ngazi. Walikinakili kutoka kwa watu wa mbali, mpaka na ukurasa wa theluji juu ya paa. Theluji, wanangu, hapa ambapo kuku wanahema kwa joto.

Shangazi yenu alijenga safu ya chini yetu, akafuata kila mstari, akapewa cheti akakitundika sebuleni. Moto ulipoanzia kwa jirani yake ukaruka paa hadi paa, na zimamoto wamesimama barabarani na mpira usiofika. Ulikuja kukoma kwenye kiwanja chetu kwa sababu haukukuta cha kula, nanyi mlikuwa humu ndani, wadogo, mmemng'ang'ania mama yenu. Shangazi yenu hakutoka. Wakaja maofisa na kitabu chao, wakapima majivu, wakasema taratibu zilifuatwa. Nikawauliza, zilifuatwa na nani, na moto? Miaka na miaka nimekwenda ofisini kwao kuwaomba waandike kanuni za mlima kwa watu wa mlimani, wakanipa kiti, wakanibandika jina la Mzee Upepo, wakaniaga. Nimekasirika mpaka leo, na msije mkamwambia mtu kwamba nilikufa kwa amani.

Na wewe, mwanangu wa kwanza, umekwenda kwa walewale, wakakugongea muhuri asubuhi moja tu. Sikukatazi kutafuta riziki. Jenga kwingine.

Nipeni maji... Basi, inatosha.

Nawajua. Nikifa mtalia sana, mtakaa kikao, halafu mtajenga. Kwa hiyo nizikeni pale, katikati ya kiwanja, msinipeleke makaburini. Kitabu chao hakijui upepo, lakini kuhusu kaburi kimeandika wazi kwamba hajengi mtu juu yake wala kando yake. Nimekisoma chote, na ni ukurasa huo peke yake unaotufaa. Nyasi zikikauka zifyekeni. Msiweke hata banda la kuku.

Mhandisi, nipe mkono. Sina kinyongo na wewe... Utapima wewe mahali pa kuchimba, futi si unayo. Radhi yangu mnayo wote, ninyi na watoto wenu. Mungu awalaze salama na awaamshe salama... Fungueni dirisha. Naona umeshaanza kuvuma.