Mgeni Sokoni Kakuma

Bwana Yesu asifiwe, watu wa Mungu! Na wenyeji wetu Waturkana, ejok! Leo sikuja kumshtaki mtu. Nimekuja kujishtaki.

Ndugu zangu, miaka saba niliuza nyanya kule Lodwar. Lori la mboga likifika kutoka Kitale, sisi akina mama wa zamani tulikuwa na sheria yetu. Haikuandikwa popote. Mgeni akija kununua, namtazama dereva hivi, basi. Dereva anamwambia, "Mama, mzigo umeisha." Na kreti ziko pale, zinaonekana!

Siku moja alikuja mama Mkongo kutoka hapa Kakuma, mtoto mgongoni. Alisimama juani mpaka lori likawa tupu, akaondoka mikono mitupu. Nikacheka na wenzangu. Jumapili nikaimba kwaya, safu ya mbele!

Kisha mume wangu, ambaye ni mwalimu, akahamishiwa Kakuma. Nikaja na kreti sita za nyanya, nikidhani soko ni soko. Ndugu zangu, nilikiona cha moto! Kila nilipotandika gunia, naambiwa hapo pana mwenyewe.

"Nani?"

"Atakuja."

Hakuja mtu! Wanunuzi walinipita kana kwamba sipo. Hakuna aliyenitukana hata kidogo, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Siku ya tatu nyanya zikaanza kutoa maji. Nikakaa juu ya kreti nikalia, nikamuuliza Mungu, "Hawa watu wana roho gani?" Jibu likaja moyoni papo hapo: wana roho kama yako.

Nilipoinua macho, yule mama Mkongo amesimama mbele yangu. Nikajua nimekwisha.

"Wewe ni ule mama wa Lodwar," akasema.

"Ni mimi. Mimi ndiye niliyemzuia dereva asikuuzie. Nisamehe, mama."

Akaziangalia zile nyanya. "Ile siku nililia njia yote," akasema. Halafu akawageukia wenzake: "Mumupatie nafasi. Huyu ni mutu yangu."

Haleluya! Magunia yakasogezwa. Msomali mwenye hoteli akachukua kreti mbili palepale. Mungu alinifungua siku ile, tena kwa mkono wa mtu niliyemfungia mlango! Mama Furaha, simama wakuone. Ndiye yule pale.

Baadaye nilirudi Lodwar, nikawaambia wenzangu mbele ya lori kwamba tulikosa, mgeni apewe kama sisi. Wawili hawanisalimii mpaka leo. Lakini waliobaki sasa wanapanga foleni, aliyetangulia ananunua, mgeni au mwenyeji.

Asante Yesu! Na wewe uliyeketi pale nyuma, uliyefika mji huu na hakuna anayejua jina lako, mtumaini Bwana, hajakusahau. Ibada ikiisha usikimbie. Njoo uniambie unaitwa nani na unauza nini. Kesho asubuhi nitakushika mkono mwenyewe, nikutambulishe kwa akina mama, mmoja mmoja.