Kalala wa Majiwe, Moniteur wa Mashamba ya Mbau

Padri, wakubwa wa serikali, mliofanya kazi pamoja na marehemu, nanyi nyote mliotoka Beni, Oicha na Butembo kuja kulia pamoja nasi, mimi ni Kambere Apollinaire, kaka ya mjane Victorine. Ingefaa habari hii isomwe na mtu wa damu ya marehemu, lakini ndugu zake wako Kasai, mbali kabisa, na tangu Jumamosi hatujapata njia ya kuwafikia, kwa hiyo jamaa wamenituma mimi, shemeki yake, niseme alikuwa nani na alipita wapi hata kufika kwenye kaburi hili la Mbau.

Léon Kalala alizaliwa tarehe 14 mwezi wa tisa mwaka wa 1928 huko Tshilenge, katika Kasai, mtoto wa kwanza wa baba yake, aliyekuwa mkulima wa mahindi, na wa mama yake Ngalula. Baba alifariki mapema, mama akamlea peke yake pamoja na wadogo zake, akamtia katika shule ya misioni mwaka wa 1936, na alipomaliza alipokelewa katika shule ya kilimo, akatoka huko mwaka wa 1948 akiwa moniteur agricole, yaani mwalimu wa kufundisha watu kulima. Alifanya kazi miaka michache kwao, na mwaka wa 1955 serikali ikamtuma huku Kivu, kwenye bureau, yaani ofisi, ya kilimo ya Beni, akafika bila kujua hata neno moja la Kinande, na mpaka mwisho tulimcheka jinsi alivyokisema.

Mwaka wa 1957 bureau ilimwazima kwa watafiti waliokuwa wakichimba upande wa mto Semliki, wakitafuta vitu vya watu wa kale, naye alikaa nao kiangazi chote. Aliporudi hakuwa tena yule moniteur wa kukagua miche ya kahawa tu, kwa kuwa sasa alitembea shambani akiangalia chini, na kila jembe lilipogonga kitu alisimama, akainama, akaokota.

Ni kwa njia hiyo alifika kwetu hapa Mbau, mwezi wa tatu mwaka wa 1958. Baba yetu alikuwa anafungua shamba jipya kwa ajili ya kahawa, na majembe yakaanza kutoa vijiwe vyeupe vyenye kung'aa kama chumvi, vyenye ncha na makali, pamoja na jiwe moja jeusi, laini, lenye umbo la shoka. Mwaka uliotangulia radi ilikuwa imeua mbuzi wetu kando ya mahali pale, basi watu wote wakasema hayo ni mawe ya radi, na kwamba atakayepanda juu yake atazika watoto wake. Baba akaweka jembe chini, akatuambia tuliache lile shamba, nasi hatukuwa na lingine.

Léon akaja, akapiga magoti katika udongo, akaosha kijiwe kimoja kwa maji ya kibuyu, akakiweka katika mkono wa baba na kumwambia, "Baba, hii haikutoka ku mbingu. Gusa hapa, kuko kanundu, ni pale mutu aliipiga na jiwe ingine. Na hapa pembeni alimenya kidogo kidogo, huku na huku, apate ncha ya mushale. Jiwe yenye kuvunjika yenyewe haiko hivi."

Baba akauliza, "Mutu gani? Mimi nilikuta hapa pori tu."

"Mutu wa zamani sana, mbele ya bankambo ba bankambo, babu za babu zetu."

Baba alikigeuza kile kijiwe muda mrefu, akakipitisha juu ya kidole mpaka damu ikatoka kidogo, kisha akasema, "Basi naye alikuwa anatafuta chakula sawa siye." Akaokota jembe lake. Kahawa ilipandwa, na ndiyo iliyotulisha.

Tangu siku hiyo watu wakamwita Kalala wa Majiwe. Jumapili baada ya misa wanawake walimletea walivyookota, wamevifunga katika pembe ya kitambaa, naye alivipanga juu ya mkeka, ncha za mishale upande wake, mawe ya kukwangulia ngozi upande wake, na mengine mengi aliyarudisha akisema, "Mama, hii ni jiwe tu." Hata chifu mmoja aliyemletea jiwe zuri sana, amelibeba mwenyewe kwa heshima, alijibiwa vilevile, na hakufurahi. Léon hakuweza kulipa jiwe sifa lisiyo nayo ili kumpendeza mtu, ndivyo alivyokuwa, na ninyi mliofanya naye kazi mnajua alivyoweza kuchosha kwa tabia hiyo.

Dada yangu Victorine ndiye aliyekuwa na jicho la haraka kuliko sisi sote katika kuokota, na kwa kuokota huko wakazoeana. Léon alipokuja kuomba ndoa baba alikataa, akamwambia, "Wewe ni mutu wa mbali, siku moja utabeba mutoto wangu uende naye kwenu, siye tubakie kulia." Léon hakubishana, alirudi mwezi uliofuata, na mwezi mwingine tena, mpaka baba akalegea, wakafunga ndoa kanisani Beni tarehe 8 mwezi wa nane mwaka wa 1959. Mungu akawapa watoto watatu, Julienne aliyezaliwa tarehe 3 mwezi wa saba mwaka wa 1960, tukiwa bado tunacheza ngoma za Uhuru, kisha Donatien mwaka wa 1962, na Mariette mwaka wa 1966.

Uhuru ulipofika Wazungu wa bureau waliondoka, mishahara ikakatika, na watu wa kwao wengi wakarudi Kasai wakimwita awafuate, lakini yeye alibaki, akaendelea kupita mashambani kwa miguu maana baiskeli ya serikali ilikuwa imekwisha kufa, akisema kwamba kahawa haijui kama serikali imegeuka.

Mwezi wa tisa mwaka wa 1964 waasi wakaingia kwetu. Ninyi nyote mliona, sitarefusha. Walitafuta kila aliyefanya kazi ya serikali, na sisi tulikimbilia msituni na watoto, huko Donatien akapata homa, dawa hakuna, akafa tarehe 20, akiwa na miaka miwili, tukamzika chini ya miti bila padri. Kisha Léon alitoka msituni kutafuta mbao za jeneza ili tumzike upya, kwa kuwa hakukubali mtoto wake abaki katika mkeka, na ndipo walipomkamata.

Walikuwa wamekwisha kupekua nyumba yake na kukuta vikapu vya majiwe. Mkubwa wao alikuwa na vijana wengi wa hapa aliowachukua kwa nguvu, alitaka kuwashonea hirizi za ngozi, dawa ya kuzuia risasi, kabla ya kuwapeleka vitani, na aliposikia kwamba hayo ni mawe ya radi alifurahi sana. Akawapanga vijana barabarani, akamsimamisha Léon mbele yao, akamwambia, "Moniteur, sema batoto basikie. Hii majiwe inatoka ku mbingu, risasi itageuka maji. Ni kweli ao hapana?"

Neno moja tu, ndiyo, lingemwokoa, na pengine lingempa cheo. Kasimu, mwana wa mzee Nassoro wa kijiji cha Beu, alikuwa katika mstari ule, naye ndiye aliyetusimulia kwamba Léon aliwaangalia usoni mmoja mmoja, kisha akasema, "Hapana. Ni batu balichonga, batu ba kufa sawa siye. Haizuie risasi. Batoto, musidanganyiwe, mutaisha."

Wakampiga kwa vitako vya bunduki, kifuani na mgongoni, na wangemmaliza, lakini baba yetu, aliyekuwa amemfuata kwa nyuma, aliingia katikati na kulala juu yake, akipaza sauti, "Huyu hapana mugeni, ni mutoto wangu, nimetoka kuzika mutoto wake! Mukimuua, muniue mbele." Walimwacha hapo barabarani, majiwe yakashonwa katika ngozi, na vijana wakapelekwa. Kasimu na wenzake wachache walitoroka njiani kwa sababu ya neno lile, nanyi mmemwona leo akibeba jeneza upande wa kichwa. Wale waliobaki, hakuna mmoja aliyerudi nyumbani.

Baada ya vita nilimuuliza kama anasikitikia mkusanyo wake wa miaka yote. Akanijibu, "Majiwe ilingojea udongoni siku mingi, itangojea tena. Mimi ninalia Donatien."

Tangu hapo kifua hakikupona. Alirudi kazini mwaka wa 1965, lakini alikohoa damu, hakuweza tena kuinama, na watu walimletea majiwe kitandani, naye aliyatambua kwa kidole gumba huku amefumba macho. Mwezi wa kwanza mwaka huu hali ilizidi, mzee Nassoro akampeleka Butembo katika lori lake, akiendesha polepole siku nzima ili asimwumize, na huko hospitalini, tarehe 11 mwezi wa pili mwaka wa 1967, saa tatu ya asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa Victorine, akakata roho.

Tunawashukuru waganga na wauguzi wa Butembo waliopigania pumzi yake, mzee Nassoro na jamaa yake yote, majirani wa Mbau waliopika na kukesha, na wenzake wa bureau ya kilimo walioleta mbao hizi nzuri za jeneza.

Limebaki jambo moja. Mama yake, Ngalula, tunavyojua yuko hai huko Tshilenge, na Léon alikuwa amemwahidi kwamba kiangazi hiki atampelekea Julienne na Mariette awaone, kwa kuwa hajawaona hata mara moja. Leo mama huyo pengine yuko shambani, hajui. Ninyi watu wa Kasai mlio kazini Beni, atakayetangulia kurudi kwenu tunamwomba apite kwake, amwambie taratibu, akiwa amekaa, na amwambie kwamba sisi tulimlilia mwanawe tangu siku ya kwanza, tukilia na sehemu yake ya machozi, mpaka atakaposikia na kulia mwenyewe.

Léon, shemeki yangu, kifua hakitakuuma tena. Pumzika sasa, kwa amani.