Mzee wa Kambi Alipokwenda Kunywa Chai

Mgeni rasmi, Mzee Nikolaus Ngollo, mstaafu wa reli na baba mzazi wa mwenzetu Josepha, shikamoo.

Risala hii ilikuwa isomwe na Josepha, maana ndiye mwenye sauti. Ninaisoma mimi, Ruaa, kwa niaba ya kikundi, kwa sababu yeye amekaa kando yako akisubiri treni ya kurudi nawe Kigwa.

KARIBU

Karibu tena Gongoni, kwenye stoo ya duka la baba yake Nishant, ambayo ndiyo ofisi yetu. Kiti ulichokalia ndicho kizima kuliko vyote, lakini tafadhali usiegemee sana.

TULIKOANZIA

Tulianza watatu. Nishant anachora, mimi nakusanya hadithi za wazee, Josepha anaandika programu. Tunatengeneza mchezo wa kompyuta unaoitwa Msafara. Wachezaji ni wapagazi wanaotoka Tabora kwenda Ujiji, na wakifika kambini hawatui mizigo mpaka wamwamkie mzee wa kambi, naye aitikie. Mzee huyo ni mtu kweli, amekaa kwenye kompyuta yake.

Nishant alipinga: "Jamani, watoto watachoka kusubiri!"

Josepha akamkata kauli: "Kwetu ukiamkia unasubiri uitikiwe. Huendi zako mzee hajasema kitu."

Mgeni rasmi, hayo hakuyasoma chuoni. Aliyatoa nyumbani kwako.

TULIYOFANIKIWA

Shule kadhaa zimeucheza mchezo wetu, na walimu wa Igunga wanauulizia. Jirani yetu Bibi Khole, ambaye hakuwahi kugusa kompyuta, sasa habanduki kwenye kiti cha mzee wa kambi. Hata uji analetewa hapa hapa.

YALIYOTUKUTA

Siku ya maonyesho ya mchezo wetu ulikuwepo. Kwa heshima tukakukalisha wewe kwenye kiti hicho. Watoto wakacheza, wakafurahi, mara kila kompyuta ikaganda na kuandika: "Hifadhidata imefungwa." Wageni wakaguna. Ukamwuliza Josepha, "Kwa hiyo ualimu uliuacha kwa ajili ya hii?" Ukamwambia akafungashe.

Hifadhidata, mzee wetu, ni faili ambamo mchezo unaandika kila kinachotokea. Kusoma, wanaweza kusoma wengi kwa pamoja. Kuandika, ni mmoja mmoja. Aliyeingia asipotoka, wengine wanangoja mpaka wanachoka, ndipo unatokea ujumbe ule.

Nishant alilaumu umeme. Mimi nililaumu kompyuta kuukuu. Tukazima, tukawasha, wapi! Josepha akatuondoa kwenye kiti, akapitia kumbukumbu za programu mstari kwa mstari, akimtafuta aliyeingia kuandika akawa hajatoka. Alipompata alicheka peke yake, halafu akalia.

Ilikuwa hivi. Mpagazi akiamkia, programu ilifungua faili tayari kuandika, kisha ikamsubiri mzee aitikie ndipo imalize. Bibi Khole huitikia hata hujamaliza kumwamkia, kwa hiyo hatukuona tatizo. Siku ile uliamkiwa wewe, na wewe ulikuwa umetoka kidogo kunywa chai. Programu ya binti yako ikakusubiri kwa adabu zake zote, na kambi zote zikasubiri nyuma yake.

Tulimwambia akueleze. Akawa mkali: "Nimwambie baba yangu kwamba chai yake ndiyo imeharibu kazi mbele za watu? Thubutu! Bora nirudi Kigwa."

Na kweli, baba, kosa si lako. Programu ilitakiwa isubiri kwanza, ikishaitikiwa ndipo ifungue, iandike na kufunga hapo hapo. Josepha ameirekebisha kabla ya kufungasha. Leo asubuhi tulimwomba Bibi Khole anyamaze makusudi akiamkiwa. Alinung'unika kwamba tunamfundisha utovu wa adabu, lakini alijikaza, na kambi nyingine zote ziliendelea na safari.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi ya feni, meza na bati la paa linalovuja. Tumeyafuta yote, tumebakiza moja, na Josepha hakujua kwamba tumeliandika. Ukimtazama sasa utaona anatukazia macho tunyamaze. Hatunyamazi. Anaipenda kazi hii kupita kiasi, ila wewe anakupenda zaidi, ndiyo maana amekubali kuiacha bila kujitetea. Sisi nasi tunampenda, na pengo lake hatuna wa kuliziba.

Tunaomba umwachie abaki.

Ukiona haiwezekani, tutambebea begi lake mpaka stesheni na hatutanung'unika mbele yako. Ukiona inawezekana, mgeni rasmi, wala usihutubie. Sogeza tu hilo begi lililo miguuni pako upande wetu.

Mwenyezi Mungu akufikishe salama Kigwa, akupe afya na umri, na akulipe mema kwa binti uliyetulelea.

Ni sisi wenzake Josepha,
Kikundi cha Msafara, Gongoni, Tabora.