Majina Mawili Chini ya Bakuli

Wasifu wa marehemu Ardis Lorene Tolliver, 1947–2019, ukisomwa na mdogo wake, Wendell.

Marehemu Ardis alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1947, katika shamba la ng'ombe la wazazi wake, marehemu Otis na marehemu Pearl Tolliver, nje kidogo ya mji wa Harlan Creek, Wisconsin. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Ukitaka kuwaona watu weusi wote wa eneo lile, ulitazama benchi moja tu kanisani.

Alimaliza sekondari mwaka 1965. Shuleni wavulana walimwita Masizi, naye aliwajibu kwa kuwashinda hesabu. Lakini mwaka 1964, kwenye maonyesho ya kilimo, walimwona nyuma ya banda la ndama akiwa ameshikana mikono na Marlys Engebretson, binti wa jirani Mzungu. Wakamvamia mdogo wake. "We Wendell! Kumbe dada yako dume? Sasa Marlys utamwita shemeji?" Wendell alicheka pamoja nao, akacheka kuliko wote. Ardis alikuwa hatua tano tu kutoka hapo. Aibu hiyo haijamtoka Wendell mpaka leo.

Kuanzia 1966 hadi 2009 Ardis aliendesha lori la kukusanya maziwa mashambani. Januari 1982 theluji ilipofunga barabara, alipita hivyo hivyo, na hakuna mkulima aliyemwaga maziwa. Mzee Halvorson, ambaye miaka yote hakuwa akiitikia salamu yake, siku hiyo alifungua mlango. "Ingia, binti, utaganda." Ardis akamwambia, "Miaka kumi na sita naganda hapa nje, mzee, nimeshazoea." Akaingia hata hivyo, akamaliza biskuti zote.

Mwaka 1971 yeye na Marlys walihamia nyumba ya kando ya kijito. Kanisani petu kila mwanamke hubandika selotepu yenye jina lake chini ya bakuli, ili baada ya chakula cha pamoja lirudi kwa mwenyewe. Bakuli la Ardis, la viazi vya kuokwa na jibini, lilikuwa na majina mawili: Ardis na Marlys. Tarehe 9 Juni 1979, baada ya maziko ya mama yao, Wendell aliingia jikoni kanisani kabla ya akina mama waosha vyombo, akaligeuza bakuli tupu, akaibandua selotepu kwa ukucha. Ardis akamkuta.

"Sasa watajuaje ni la nani?"

"Watajua tu, dada. Kila mtu anajua."

"Kama kila mtu anajua, ulikuwa unamficha nani?"

Ardis alichukua bakuli lake, akaondoka. Aliendelea kuja ibadani kila Jumapili, Marlys kando yake, ila chakula hakuleta tena kwa miaka arobaini.

Walifunga ndoa mahakamani Ijumaa, tarehe 17 Oktoba 2014. Wendell alialikwa, akasema anavuna mahindi. Mvua ilinyesha kutwa. Hakuna mkulima wa Harlan Creek asiyejua kwamba mahindi hayavunwi mvuani, na Ardis alikuwa binti wa mkulima. Hakumuuliza kitu.

Februari mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Marlys alimwogesha, akamlisha, akalala kitini kando yake, hadi alipofariki nyumbani asubuhi ya Jumatano, tarehe 2 Oktoba.

Wasifu huu ulipoandikwa mara ya kwanza, Marlys aliitwa "rafiki wa familia." Renee, binti wa Wendell, aliusoma, akauweka mezani. "Baba, rafiki wa familia ndiye aliyemwogesha shangazi miezi yote hiyo?" Husemwa majuto ni mjukuu, ya Wendell yameshaota mvi.

Jana Wendell alikwenda kwa Marlys kuomba lile bakuli.

"La nini? Jina langu ulishalitoa."

"Nimekuja kulirudisha."

Marlys alilitoa bakuli kabatini, akamkabidhi. "Viazi utapika mwenyewe, basi."

Vimeungua pembeni, mtusamehe. Bakuli liko mezani pamoja na mengine, na watakaoosha vyombo leo waligeuze wasome.

Marehemu ameacha mdogo wake, Wendell. Watoto wa mdogo wake, Renee na Curtis. Na mjane wake, Marlys Engebretson, ambaye Wendell, akiwa na miaka sabini, anamwita leo mbele yenu kwa mara ya kwanza: shemeji.

Pumzika kwa amani, dada Ardis, mke wa Marlys.